Fundi Ajibu Wasomaji: Gesi ya Kiyoyozi Imekwenda Wapi?

Msimu wa kaskazi umeshika, joto la Tanga halihitaji kuelezwa kwa mwenyeji, na barua nyingi zilizofika mezani kwetu mwezi huu zinahusu kiyoyozi cha gari. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu jambo linalosimuliwa humo hufanyika katika gereji nyingi: gesi inajazwa kabla ya kupimwa chochote.

Gesi inajazwa, baada ya wiki chache baridi inapotea

*Fundi wetu, salaam. Ninaendesha Toyota IST. Mwaka huu nimejaziwa gesi mara kadhaa, na kila mara kiyoyozi hupoza vizuri kwa wiki chache, kisha hewa inaanza kuwa vuguvugu. Fundi anayenihudumia ananiambia kwamba gari likizeeka linakula gesi, na kwamba nizoee. Je, ni kweli? – Msomaji, Chumbageni.*

Ndugu yangu wa Chumbageni, si kweli. Injini huchoma petroli, lakini gesi ya kiyoyozi haichomwi na chochote. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka kuwa kimiminika na kurudi kuwa mvuke, na kiasi chake kinabaki kilekile. Kompresa huivuta ikiwa mvuke baridi wenye presha ndogo na kuisukuma ikiwa mvuke wa moto wenye presha kubwa; kondensa, ile iliyo mbele ya rejeta, huitoa joto hadi iwe kimiminika; kikaushio huchuja uchafu na kunyonya unyevu; kisha vali ya upanuzi huipitisha kwenye tundu jembamba hadi ndani ya evaporeta, nyuma ya dashibodi, ambako huchemka na kunyonya joto la hewa mnayopuliziwa. Gesi ya gari lako ni R134a, ambayo ikiachwa wazi hewani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na ndiyo maana ikimwagika juu ya ngozi huunguza kwa baridi.

Mipira ya mabomba hupitisha kiasi kidogo sana cha gesi kadiri miaka inavyokwenda, hilo nalikubali, lakini gesi inayoisha kwa wiki chache imetoka kwenye tundu, na tundu hilo liko mahali fulani panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Fundi asiyekuonyesha mahali hapo hajatengeneza gari lako. Amekuuzia wiki chache za baridi.

Jambo linalowadanganya wengi ni geji ya presha. Gari likiwa limezimwa na kupoa, fundi akifunga geji na kuona psi 95 hivi (psi ni kipimo cha presha), hutamka kwamba gesi imejaa. Ukweli ni kwamba katika joto la nyuzi 30 R134a husoma karibu psi 95 hadi 100 maadamu ndani ya mfumo kuna tone la kimiminika, iwe imebaki robo au imejaa kabisa. Kipimo cha gari lililozimwa kinakuambia tu kama kuna gesi au hakuna. Kinachofaa ni kuwasha injini, kuweka feni ya ndani mwendo wa juu na kipozeo mwisho wa baridi, kufungua milango, kukanyaga mafuta hadi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, na kusoma geji zote mbili baada ya dakika chache. Katika magari mengi ya Toyota upande wa chini, yaani wa presha ndogo, husoma psi 20 hadi 36 na upande wa juu, wa presha kubwa, karibu psi 200 hadi 230. Siku ya joto kali la pwani upande wa juu hupanda zaidi ya hapo bila kuwa na kasoro. Pande zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, ama gesi imezidi, ama kuna hewa ndani, ama kondensa haipozwi. Upande wa chini ukipanda huku wa juu ukishuka, kompresa haisukumi. Na upande wa chini ukienda hadi sifuri au chini yake, kuna kizuizi, mara nyingi kwenye vali ya upanuzi. Ikiwa presha inaanza vizuri, inazama, kisha inarudi baada ya gari kupumzika, huo ni unyevu unaoganda ndani ya tundu la vali hiyo.

Sasa tundu tulitafute wapi? Kompresa hulainishwa kwa mafuta yanayosafiri pamoja na gesi, kwa hiyo penye uvujaji hubaki doa la mafuta lililonata vumbi. Anza na kondensa, hasa kwa gari linalolala karibu na bahari kama magari ya Raskazone na ya kwenu. Chumvi hula alumini yake kuanzia chini, mahali matope yanapokaa, na ukiyagusa mapezi yake kwa ukucha utayaona yakisagika kuwa unga mweupe kabla hata hujayabonyeza. Ukiona unga huo na kando yake doa jeusi lenye mafuta, umefika. Angalia vilevile kila kiungo cha mabomba, kwa sababu oringi, zile pete za mpira za kuzuia uvujaji, hukauka na kupasuka. Sehemu ya mbele ya kompresa, nyuma ya puli (gurudumu linalozungushwa na mkanda), ambako sili ya shafti, yaani kizibo cha kuzuia uvujaji, huchakaa. Na vile vichwa viwili vya kujazia gesi, ambavyo ndani vina vali ndogo kama ya tairi. Fungua kifuniko, pakaza povu la sabuni, na subiri. Nimeona watu wakibadilishiwa kondensa nzima kwa kosa la vali ambayo bei yake haifiki nauli ya bajaji.

Sabuni isipoonyesha kitu, fundi huongeza rangi maalumu inayong'aa chini ya taa ya samawati, unaendesha gari siku kadhaa, kisha anakagua usiku. Evaporeta ndiyo ngumu zaidi kwa kuwa imefichwa. Hapo kifaa cha kunusa gesi huwekwa kwenye bomba linalotoa maji ya evaporeta chini ya gari, baada ya gari kukaa kimya kwa muda. Kuna pia jaribio la kujaza naitrojeni kavu hadi psi 150 hivi na kuiacha usiku kucha, ili asubuhi geji iseme. Ninaomba sana jaribio hili lisifanywe kwa oksijeni ya mtungi wa kuchomelea, hata kama mtungi huo ndio ulio karibu: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Hewa ya pampu ya tairi nayo haifai, kwani huingiza unyevu, na unyevu ukichanganyika na gesi na mafuta hutengeneza asidi inayokula mfumo kutoka ndani.

Tundu likishazibwa, kazi haijaisha. Oringi mpya hupakwa mafuta ya kompresa kabla ya kufungwa. Kikaushio hubadilishwa ikiwa mfumo umekaa wazi, maana katika hewa ya pwani kinashiba unyevu haraka. Kisha pampu ya kunyonya hewa inaachwa ifanye kazi kwa nusu saa au zaidi. Katika presha hiyo ndogo maji yaliyofichwa ndani huchemka kwa joto la kawaida la gereji na kutoka yakiwa mvuke, kazi ambayo haiwezi kufanyika kwa dakika tano. Pampu ikizimwa, mshale wa geji usisogee. Ukipanda, bado kuna tundu au unyevu. Mwisho gesi hutiwa kwa mizani, kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko kilicho chini ya boneti. Gari dogo kama lako hubeba gramu mia chache tu, kwa hiyo kuzidisha au kupunguza gramu mia moja si jambo dogo. Fundi anayejaza kwa kushika bomba na kusikiliza mlio anabahatisha, awe na uzoefu wa miaka mingapi.

Na kabla hajafungua kitu, muulize gesi iliyobaki ataipeleka wapi. Kuiachia hewani ni mazoea mabaya. R134a iliwekwa badala ya R12, gesi iliyoharibu tabaka la ozoni na ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuiondoa. Yenyewe haiharibu ozoni, lakini kilo moja yake hupasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za hewa ya ukaa, na ndiyo sababu Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya mkataba huo yaliiweka katika orodha ya gesi za kupunguzwa.

Baridi ikiwa safarini, joto likisimama

*Kaka fundi, mimi ni dereva wa Noah. Nikiwa barabarani kuelekea Segera abiria wanaomba nipunguze baridi, lakini nikisimama stendi ya Kange kusubiri watu, ndani panakuwa tanuri. Gesi ilipimwa na kuonekana ipo. Tatizo ni nini? – Dereva, Kange.*

Ndugu dereva, umeeleza vizuri kiasi kwamba umekaribia kujijibu. Gari linapokwenda, upepo wa barabarani unaipoza kondensa. Linaposimama, kazi hiyo inabaki kwa feni peke yake. Feni isipovuta hewa ya kutosha, presha ya upande wa juu inapanda, gesi haigeuki kimiminika ipasavyo, na ikifika karibu psi 455 swichi ya presha huikata kompresa ili bomba lisipasuke.

Lisimamishe gari, washa kiyoyozi, acha lifikie hali ya joto, kisha mtu amwage maji polepole juu ya kondensa kutoka mbele, akiikwepa injini. Hewa ya ndani ikirudi kuwa baridi mara moja, shida ni upoaji wa kondensa na gesi yako haina hatia. Hatua inayofuata ni kuangalia kama feni inazunguka kila kiyoyozi kinapowashwa. Isipozunguka, kagua fyuzi na rilei, kisha pima kama umeme unafika kwenye soketi yake. Umeme ukifika na feni ikagoma, igonge mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikiamka kwa kugongwa, brashi zake zimekwisha. Weka vidole mbali, kwa kuwa feni hizi huanza bila kuaga.

Ikizunguka, bado usiridhike. Chukua karatasi uiweke mbele ya kondensa: inapaswa kuvutwa na kunata. Ikisukumwa, mtu aliyebadilisha mota aligeuza nyaya, na feni inapuliza kuelekea mbele, kinyume cha upepo wa safari. Kosa hili ni la kawaida kuliko mtu anavyodhani, na gari linaweza kutembea nalo miezi mingi kwa sababu barabarani halijionyeshi sana. Mwisho, chungulia nafasi iliyo kati ya kondensa na rejeta. Gari linalopita njia za vumbi hukusanya humo mchanga, mabawa ya wadudu na vipande vya nailoni, na ukitazama kutoka mbele hutaviona. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Presha ya mashine ya kuoshea magari huyalaza mapezi, ukatoka na tatizo jipya.

Nimeambiwa ninunue kompresa

*Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Kiyoyozi cha gari langu asubuhi kinafanya kazi vizuri, lakini kufika saa saba mchana, baada ya kuzunguka mjini, kinatoa hewa ya joto. Nikiliacha kivulini saa moja, kinarudi. Gereji wameniambia kompresa imekufa. Naogopa kutoa pesa ya pensheni bure. – Mama mwalimu, Raskazone.*

Shikamoo mama. Usiitoe kwanza. Kompresa iliyokufa haifufuki kila asubuhi. Dalili ulizozieleza zinaelekea zaidi kwenye klachi ya kompresa, yaani sahani iliyo mbele ya puli ambayo huvutwa na sumaku ya umeme kila kiyoyozi kinapowashwa, ikalia “tak” na kuanza kuzunguka pamoja na puli. Sahani hiyo huchakaa, na pengo kati yake na puli hupanuka mwaka hadi mwaka. Koili ya sumaku ikipata moto, ukinzani wa waya wake huongezeka na nguvu ya kuvuta hupungua. Basi pengo ambalo asubuhi lilivukwa, mchana halivukiki tena.

Mpelekee fundi gari likiwa limeshakataa, si asubuhi, na umwombe afanye mambo mawili mbele yako. Kwanza apime umeme kwenye waya wa klachi. Ukiwepo umeme wa betri kamili na sahani imesimama, klachi ndiyo yenye kasoro. Usipokuwepo, kompresa inasingiziwa, na atafute kwenye rilei, swichi ya presha au sensa. Pili, apime pengo kwa geji ya vipande vyembamba. Katika kompresa nyingi za Kijapani pengo linatakiwa kuwa kati ya milimita 0.3 na 0.6. Likizidi, mara nyingi hutosha kufungua boluti ya katikati, kutoa washa moja nyembamba (kile kipete cha chuma) na kurudisha, bila kufungua bomba wala kupoteza gesi. Koili yenyewe ikiwa imeungua, hubadilishwa peke yake.

Kompresa hubadilishwa pale geji zinapoonyesha haisukumi, au inapolia kama mtu anayesaga kokoto, au inapokutwa na chembe za chuma ndani ya mafuta. Ikifikia hapo, mama, kikaushio kibadilishwe pia na mabomba yasafishwe, la sivyo chembe hizohizo zitaiua kompresa mpya.

Upepo unafifia na maji yanamwagika miguuni

*Habari fundi. Nikitoka Muheza kwenda Korogwe, kiyoyozi kinaanza vizuri, kisha baada ya muda upepo unapungua hata feni ikiwa mwendo wa mwisho. Pia abiria wa mbele analowana miguu. – Kijana, Muheza.*

Una mambo mawili, na huenda yana uhusiano. Upepo unaofifia huku feni ikinguruma ni dalili ya evaporeta kuganda barafu. Likitokea tena, zima kitufe cha kiyoyozi lakini acha feni iendelee; upepo ukirudi baada ya dakika kumi hivi, basi ni barafu. Chanzo rahisi ni chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi liko nyuma ya kisanduku cha dashibodi na wenye magari wengi hawajui hata kama lipo. Likizibwa na vumbi, hewa haipiti na evaporeta inapoa kupita kiasi. Chujio likiwa safi, chunguza sensa inayoikata kompresa evaporeta inapokaribia nyuzi sifuri. Mara nyingine imechomoka mahali pake baada ya dashibodi kufunguliwa. Gesi iliyopungua kidogo nayo huweza kugandisha sehemu moja ya evaporeta, kwa hiyo geji zifungwe kabla ya kuamua.

Maji ya miguuni yanatoka kwenye bomba la kutolea maji lililoziba. Unyevu wa pwani ukigusa evaporeta hugeuka maji, na maji hayo yanapaswa kudondoka chini ya gari. Wanaokuja kuniuliza kwa nini gari linachuruzika likiwa limeegeshwa, nawaambia wafurahi. Bomba likiziba, maji yanafurika ndani, na sakafu yenye maji huleta ukungu na ile harufu ya soksi mbichi. Lizibue kutoka chini kwa waya laini au upepo hafifu, bila kuchokoa kwa nguvu, kwa kuwa evaporeta iko juu yake tu.

Kuhusu lile uliloandika mwishoni, kwamba gari lako ukifika Lushoto milimani linapoza maradufu: hakuna kilichopona njiani. Huku chini nguvu nyingi ya kiyoyozi hutumika kugeuza unyevu wa hewa kuwa maji kabla hewa yenyewe haijapoa. Ikiwa nje ni nyuzi 32 na unyevu wa bahari, kipimajoto kwenye tundu la katikati la dashibodi linalopuliza hewa kikisoma nyuzi 10 hadi 13, usimsumbue fundi.

Gesi ya kupikia ndani ya kiyoyozi

*Kuna fundi wa majokofu anajaza gesi ya mtungi wa kupikia kwa bei nusu. Inapoza kweli. Ina madhara? – Msomaji, Ngamiani.*

Inapoza, na inawaka. Evaporeta iko ndani ya chumba mnachokaa na watoto, vioo vikiwa vimefungwa, na ajali ndogo ya mbele huipasua kondensa juu ya injini ya moto. Zaidi ya hayo, fundi mwingine akija kuivuta kwa mashine yake bila kujua, ataichafua gesi yote iliyo kwenye mtungi wake. Usikubali.

Gari la haibridi

*Nina Toyota Aqua. Je, fundi yeyote wa kiyoyozi anaweza kulishughulikia? – Msomaji, Pongwe.*

Hapana. Gari lako ni haibridi, yaani lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na kompresa yake haina mkanda wala klachi. Inaendeshwa kwa umeme wa volti nyingi unaotoka kwenye betri kubwa ya haibridi, na nyaya zake ni zile za rangi ya machungwa ambazo haziguswi na mtu asiyejua kuukata umeme huo kwanza. Mafuta yake pia ni tofauti. Magari ya kawaida hutumia mafuta ya aina ya PAG, ilhali kompresa ya umeme hutumia ya aina ya POE, ambayo hayapitishi umeme kirahisi. Kiasi kidogo cha PAG, hata kile kilichobaki kwenye mpira wa geji iliyotoka kufungwa kwenye gari jingine, huweza kuharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa na kulifanya gari liwashe taa ya hitilafu. Kwa hiyo, kabla boneti haijafunguliwa, uliza mambo mawili: kama gereji ina mafuta ya POE, na kama ina geji na mipira iliyotengwa kwa ajili ya haibridi peke yake. Jibu la lolote kati ya hayo likiwa hapana, washukuru na uondoe gari.